Hifadhi ya Taifa ya Udongo, Semkiwa

Ilikuwapo nchi moja, na ukiitafuta leo usiikute pale ilipokuwa, usishangae, maana sehemu yake kubwa imekwisha kushuka mtoni. Ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Miteremko. Mimi sina ugomvi nayo. Nasimulia tu yaliyotokea, tena kwa heshima yote wanayostahili viongozi wake, ingawa kiasi cha heshima hiyo sitakitaja hapa.

Katika Jamhuri hiyo kila kitu kilikuwa kinashuka. Maji yalishuka, udongo ulishuka, madaraja yalishuka pamoja na magari yaliyokuwa yakipita juu yake. Vilivyopanda ni vyeo na vitambi, na vyote hivyo vilikuwa vya watu walewale. Mambo haya ya kushuka yalikuwa chini ya Wizara ya Udongo, Maji na Mambo Yatokanayo, ambayo ofisi zake zilikuwa ghorofa la juu kabisa la jengo refu kuliko yote katika mji mkuu. Udongo wenyewe haukuwahi kufika huko. Maua yao yalikuwa ya plastiki.

Sasa huko mlimani, katika kijiji cha Lukuti, alikaa bwana mmoja aitwaye Semkiwa na mkewe Mwanaidi, ambaye watu walimwita Mama Chiku kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. Shamba lao lilikuwa la kuonewa wivu. Udongo wake mweusi, mzito, laini; ukiukamata kiganjani unashikamana kidogo, kisha unaachia kwa adabu. Semkiwa alizaliwa juu ya udongo huo na hakuwahi kula chakula kilichoota mahali pengine isipokuwa kwenye sherehe.

Tatizo lilikuwa korongo. Lilianza kama mfereji mdogo pembeni mwa njia ya mbuzi, kitu cha kuruka bila hata kukunja kanzu. Masika iliyofuata likawa mtaro. Masika nyingine tena ndama wa jirani akatumbukia humo, wakamtoa kwa kamba. Mwaka huo ninaousimulia korongo lilikuwa limefika kwenye mstari wa kwanza wa migomba, na nyuma ya migomba kulikuwa na nyumba.

Kila mtu Lukuti alijua la kufanya. Unachimba makinga maji kukatiza mteremko, unapanda majani ya tembo ukingoni, unapanga mawe mdomoni mwa korongo. Maji yanapungua kasi na udongo unabaki nyumbani. Haikuwa elimu ya siri hiyo, hata walevi wa kilabuni walikuwa nayo. Wanakijiji walipeana zamu, Jumanne hii kwa huyu, Jumanne ijayo kwa yule, kazi hiyo ya pamoja wakiiita msaragambo, na ikiisha wanapikiana makande.

Semkiwa hakwenda msaragambo. Aliwahi kuwa katibu wa kamati ya mapokezi ya viongozi, na tangu siku alipomshikia mwavuli Mkuu wa Wilaya alijihesabu mtu wa serikali. Mtu wa serikali hashiki sururu mbele za watu.

"Baba Chiku," Mwanaidi alimwambia, "masika haiko mbali. Twende tukawachimbie wenzetu, na wao waje kwetu. Lile korongo likivuka migomba, mwakani tutalima jikoni."

"Mke wangu, unataka nichimbe mitaro kama mfungwa? Serikali ipo."

"Ipo wapi?"

"Juu."

Mwanaidi alimkata jicho, akachukua jembe lake akaenda peke yake kuchimba kwa Bi Sijaona, jirani yao wa upande wa chini. Lakini tusimwonee Semkiwa. Kila asubuhi, kabla mkewe hajaamka, alikwenda kulichungulia lile korongo. Aliogopa. Alichokosa ni namna ya kuogopa bila kushuka cheo.

Ndipo ikatangazwa kwamba Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Pazi Kilungo, atafika Lukuti kuzindua Mwaka wa Udongo. Akaja. Msafara wake ulikwenda polepole sana, si kwa unyenyekevu, ni kwa sababu barabara ilikuwa imeshuka. Uwanjani walimtandikia zulia jekundu kutoka mlango wa gari hadi jukwaani, ili viatu vyake visikutane na kitu alichokuja kukitetea.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa, na vipaza sauti vikapiga yowe. "Udongo ni nini? Nawauliza! Udongo ni ardhi iliyokubali kukanyagwa. Udongo ni mama. Udongo ni baba. Udongo ni shangazi yetu upande wa mama! Serikali yenu sikivu imeusikia udongo ukilia. Mimi binafsi nimeusikia, nikiwa ofisini, madirisha yakiwa yamefungwa!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa bado wanamtafuta huyo shangazi wa upande wa mama.

Bi Sijaona alipopewa nafasi hakupamba. "Mheshimiwa, sisi huku tunatumia fanya juu. Unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta, maji yanakwama hapo. Tunaomba sururu tu, zetu zimekwisha."

Mheshimiwa alitabasamu kwa upendo mkubwa. "Mama, nimefurahi umeielewa sera. Sera yetu ndiyo hiyohiyo, fanya juu. Mambo yote yafanywe juu. Na ninyi huku chini, tafadhali, msifanye kitu."

Makofi tena, hasa kutoka kwa wale waliokuja na msafara.

Hapo Semkiwa akasimama. Alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa, na maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi chooni siku mbili. "Mheshimiwa Waziri, baba wa udongo. Sina mengi. Ninalo shamba, udongo wake hauna mfano, na naliona linaondoka. Kwa unyenyekevu naiomba serikali yako ilihifadhi shamba langu."

Mheshimiwa alikuwa anasinzia kwa heshima. Akamwinamia msaidizi wake. "Amesemaje?"

"Amesema hifadhi, Mheshimiwa."

"Hifadhi!" Macho yakamtoka. Ni lazima ujue, msomaji, kwamba Mtukufu Rais alikuwa amezitaka wizara zote ziwe na Hifadhi. Ya Wanyama ilikuwa nazo, ya Misitu ilikuwa nazo, hata ya Michezo ilikuwa na moja yenye magoli mawili na nyani. Wizara ya Udongo peke yake ndiyo ilikuwa ikiona haya vikaoni. Na leo, mbele ya kamera, mwananchi anaiomba kwa mdomo wake!

"Ndugu Semkiwa," Mheshimiwa alinguruma, "leo hii, mbele ya umma huu, nasema shamba lako LIMEHIFADHIWA!"

Semkiwa alilia machozi. Jioni alichinja beberu akaalika watu, na wakati wa kunawa mikono alimnong'oneza mkewe, "Umeona? Wewe na jembe lako."

"Wamesema watakuja lini kupanga mawe?" Mwanaidi aliuliza.

"Mawe! Mwanamke, tumehifadhiwa, wewe unaongea mawe."

Walikuja wiki iliyofuata, bila jiwe hata moja. Walikuja na bunduki, bikoni za zege za kuonyesha mpaka, nyaya za miba na kibao kikubwa cha kijani kilichoandikwa: HIFADHI YA TAIFA YA UDONGO, SEMKIWA. USIINGIE. USILIME. USITOE UDONGO KWA NAMNA YOYOTE, IKIWEMO KWA NYAYO.

Semkiwa alipoliona jina lake kwa herufi nyeupe alivimba kichwa. Aliwaita majirani waje wasome, na asiyejua kusoma alimsomea. Alikuwa anamsomea mtu wa tatu au wa nne alipoona askari anachora alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Afande, hiyo rangi ya nini?"

Mkuu wa Askari wa Udongo aliitwa Afande Kisigino, na alikuwa mtu mwenye adabu zake. Aliwatoa watu majumbani mwao huku akiwaita wazee wangu. "Mzee wangu, hiyo ni alama ya kupisha."

"Kumpisha nani?"

"Kuipisha Hifadhi. Mnapisha kwa hiari. Mkiikataa hiari, tunayo maelekezo ya kuwalazimisha muwe nayo."

"Lakini shamba ni langu! Mimi ndiye niliyeomba lihifadhiwe!"

"Ndiyo maana likapewa jina lako. Mzee wangu, wewe umewahi kuona Hifadhi yenye wakulima ndani? Hifadhi ya simba ina simba. Ya tembo ina tembo. Hii ni ya udongo. Wewe ni udongo?"

Semkiwa alibabaika. "Sote tumeumbwa kwa udongo, Afande."

"Basi wewe ulishatolewa. Hapa tunazungumzia ule uliobaki."

Mwanaidi hakubishana. Alikuwa na vipande vya majani ya tembo alivyoviloweka kwenye ndoo, tayari kwa kupanda. Akavibeba hadi kwa Afande, akamwomba amruhusu avipande mdomoni mwa korongo kabla hawajaondoka, asubuhi moja tu, naye aondoke zake.

"Mama yangu," alisema Afande Kisigino kwa huzuni, "hiyo ni mimea vamizi."

Wakamnyang'anya ndoo. Majani wakamlisha mbuzi jike waliyemkuta zizini, na mbuzi wakamla wao.

Bi Sijaona aliwapokea katika kibanda chake cha kuni. "Karibuni," alisema. "Hapa pana moshi, lakini hapana bikoni." Kutoka mlangoni mwa kibanda waliliona shamba lao lote, na waya, na kibao, na korongo likiwa limetulia ndani ya Hifadhi. Lenyewe hakuna aliyeliambia lipishe.

Semkiwa akafunga safari kwenda mji mkuu, maana aliamini bado kwamba kosa lilikuwa la watu wadogo. Wizarani walimvua viatu mlangoni kwa sababu vilikuwa na udongo. Akapanda ngazi pekupeku hadi juu, akaikuta Kamati ya Tafsiri ikiwa kikaoni, na kwa kuwa mhudumu alimdhania mjumbe kutoka mikoani, wakampa kiti na sambusa.

Kamati ilikuwa inajadili neno kuhifadhi. Wajumbe wa Elimu walisema kuhifadhi ni kushika kichwani, nao walikwisha kuagiza wanafunzi wote wa Jamhuri wauhifadhi udongo. Semkiwa akakumbuka shule aliyoipita njiani, watoto wakiimba kichanga, tifutifu, mfinyanzi, huku mtaro wa maji ukiwa umeukata uwanja wao wa mpira kati. Wajumbe wa Afya walisema kwao kuhifadhi ni kuweka ndani ya jokofu mpaka ndugu waje kuchukua. Wajumbe wa Maliasili walisema kuhifadhi ni kuzungushia waya na kuondoa watu, na wakashinda, kwa sababu waya ulikuwa umeshanunuliwa.

Semkiwa akanyoosha mkono wenye sambusa. "Waheshimiwa, mimi nilimaanisha kuuzuia usiondoke."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Tafsiri hiyo ni ya wizara gani?"

"Si ya wizara. Ni yangu."

"Basi haiwezi kuingia kwenye muhtasari."

Kwenye korido akakutana na Waziri uso kwa uso. "Baba wa Hifadhi!" Mheshimiwa alimkumbatia, na mpiga picha akatokea sijui wapi. Semkiwa alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakukumbuka tena maneno ya mazoezi. "Mheshimiwa, masika inakuja. Niruhusu niingie na jembe. Kinga maji moja tu pale juu, nitachimba mwenyewe, usiku hata mchana. Naomba. Udongo utaondoka wote."

"Ndugu yangu," Mheshimiwa alisema akitazama kamera, "jembe ndani ya Hifadhi ni silaha."

Kesho yake picha ilitoka gazetini. Chini yake waliandika: Mkulima ashukuru kuhifadhiwa, atokwa machozi.

Mvua ikaanza kunyesha siku ya Ijumaa, na kwa kuwa mvua ya Miteremko ilikuwa mshamba isiyojua kusoma, ilikipita kile kibao ikaingia. Maji yalikusanyika barabarani, yakashuka kwa kundi, yakadumbukia kwenye mdomo wa korongo, na migomba ikaanza kuinama mmoja baada ya mwingine. Semkiwa alisimama kwenye waya, amelowa chepechepe, Mwanaidi pembeni yake na jembe mkononi.

"Afande! Niache niingie! Niweke hata magunia!"

"Mzee wangu, naumia kama wewe," Afande Kisigino alijibu kutoka chini ya turubai. "Lakini hairuhusiwi."

"Udongo unaondoka, hata huoni?"

Afande akatazama. Aliona kweli unaondoka, mweusi tii, ukipita chini ya waya, chini ya kibao, hauna haraka wala aibu. Akasimama ghafla. "Nani ameupa kibali?" Akapuliza filimbi. "Wewe! Simama! Simama hapo!" Akapiga risasi hewani. Udongo haukusimama. Askari wawili walijaribu kuuzingira kwa upande wa chini, wakazama hadi magotini, ikabidi wavutwe kwa waya wa Hifadhi, na kwa hiyo waya nao ukang'oka. Saa ya adhuhuri nyumba ya Semkiwa ikaingia korongoni mzimamzima, ile X nyekundu ikiwa imeangalia juu. Mwanaidi alilitupa jembe chini, akaketi kwenye matope, akalia kwa sauti. Semkiwa hakuthubutu hata kumgusa bega.

Afande alitoa taarifa kwa redio kwamba udongo wa serikali umetoroka. Juu wakajibu: ukamatwe. Ikatoka amri kwamba yeyote atakayekutwa na udongo mwilini mwake amekutwa na nyara za serikali. Ilikuwa masika, mlimani, watu wanatembea pekupeku. Wakaikamata Lukuti nzima isipokuwa Imamu, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kutawadha.

Mashambani kwa wale waliochimba msaragambo makinga maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Udongo wa Semkiwa ulikuwa umekwama humo, tuta kwa tuta, mzuri, umetulia. Ungeweza kurudishwa kwa vikapu. Afande Kisigino aliukagua, akawasiliana na juu, akarudi na maelekezo: mtu binafsi haruhusiwi kuzuia mali ya serikali isiendelee na safari yake. Makinga yote yabomolewe. Basi wale waliokamatwa waliwekwa mstari mmoja, bunduki nyuma yao, wakayabomoa matuta waliyoyachimba kwa Jumanne ngapi sijui, na maji yaliyokuwa yamelala yakaamka yakaondoka na udongo wa Semkiwa, na wa Bi Sijaona, na wa kila mtu.

Bi Sijaona alipomaliza kulivunja tuta lake la mwisho aliegemea mpini wa jembe. Semkiwa alikuwa karibu yake. Alitamani mama huyo amtukane, angalau angejua pa kuweka uso. Hakumtukana.

"Shemeji," alisema tu, "lile neno lako..."

Mvua zilipokatika Mheshimiwa alirudi na zulia lake, ingawa safari hii halikuhitajika. Pale palipokuwa na shamba palibaki mwamba, mweupe, msafi, unaong'aa. Ungeweza kumwandalia mgeni chakula bila mkeka. Bendi ya polisi ikapiga.

"Ninatazama hapa, ninaona nini?" alihutubia Mheshimiwa. "Sioni mkulima. Sioni mbuzi. Sioni mmomonyoko, kwa sababu hakuna tena cha kumomonyoka! Ndugu zangu, tumeushinda! Hakuna hata punje moja ya udongo iliyoharibiwa na jembe. Na kwa kuwa kazi ya Hifadhi imekamilika, Mtukufu Rais, kwa huruma zake, anamrudishia mwenyewe shamba lake!"

Akamkabidhi Semkiwa ufunguo wa geti. Geti lilikuwa limeondoka na waya. Wakamwomba atoe neno la shukrani, na Semkiwa akafungua mdomo, lakini mpiga tarumbeta alidhani ni ishara, wakaanza wimbo wa taifa.

Mtu akiwa na mwamba hana kazi ya kufanya juu yake. Semkiwa akasikia kwamba bondeni, pale mto unapopumzika, kuna shamba jipya linataka vibarua. Mwaka uliopita palikuwa kinamasi kilichouzwa kwa bei ya kutupa, na watu walimcheka aliyekinunua. Sasa kinamasi kilikuwa kimejaa udongo, umekuja wenyewe, na mwenye shamba alikuwa Mheshimiwa Pazi Kilungo.

Siku ya kwanza Semkiwa alipiga jembe moja, akasimama. Akainama akaukamata udongo kiganjani. Ukashikamana kidogo, kisha ukaachia kwa adabu.

Alitazama huku na huku. Kando ya mfereji kulikuwa na mashina ya viazi vitamu yaliyochipua yenyewe, majani yake kama vidole, mishipa yake zambarau. Mbegu ya Mwanaidi, aliyokuja nayo alipoolewa. Na banda la nguruwe lilikuwa na mlango wa bati la kijani, ulioandikwa kwa herufi nyeupe ...YA UDONGO, SEMKI.

Mchana Mheshimiwa akaja mwenyewe. Hakukuwa na zulia. Alivaa gambuti zilizochakaa, akatembea shambani kama mtu aliyezoea, akachukua bonge la udongo, akalivunja, akalinusa. Kisha akawaita vibarua.

"Sikilizeni, vijana, na wewe mzee. Mvua za vuli zinakaribia, na shamba lina kamteremko kuelekea mtoni. Mtachimba makinga maji kutoka kile kichuguu hadi pale, yafuate usawa, yasielekee bondeni. Udongo utupwe upande wa juu. Ukingoni mpande majani ya tembo, karibu karibu, mizizi ishikane. Pale maji yanapoingilia mpange mawe, makubwa chini, madogo juu. Sitaki kuona punje moja ya udongo ikitoka hapa."

Alisema yote bila karatasi. Hapakuwa na mama humo, wala shangazi.

Miezi yote ile Semkiwa alikuwa amejifariji kwamba Waziri ni mjinga, na faraja hiyo haikuwa ndogo, maana mjinga anaweza kueleweshwa. Kumbe mtu alikuwa anajua. Alijua siku ya zulia, alijua pale kwenye korido alipokuwa ameshikwa mkono kwa mikono miwili. Alijua kila kitu, mpaka mpangilio wa mawe.

"Mheshimiwa," Semkiwa aliuliza, "mbona kule kwangu hukuyasema haya?"

Mheshimiwa alimtazama bila kumkumbuka. "Kule wapi?"

"Lukuti. Kwenye Hifadhi."

"Aa," alisema Mheshimiwa, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto hesabu. "Kule palikuwa Hifadhi, mzee. Hapa ni shamba." Akamwonyesha kichuguu. "Anzia pale."

Semkiwa akaanzia pale. Alichimba mtaro mnyoofu, udongo akautupa upande wa juu, mawe akayapanga makubwa chini na madogo juu, akachimba vizuri kuliko kibarua yeyote aliyekuwapo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu hivyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na alilia huku anachimba, na msimamizi akadhani ni jasho.

Jioni vibarua walipekuliwa getini. Waligeuzwa mifuko, wakakung'utishwa viatu, wakapigwa maji miguuni, kwa kuwa udongo wa Mheshimiwa hautoki. Hakuna aliyekagua kucha. Wala hakuna aliyemvua Semkiwa kofia, ambamo alikuwa amekunja kipande cha shina la kiazi.

Kibandani Mwanaidi alimletea beseni anawe. Maji yakageuka meusi. Mwanaidi akamshika mikono, akaileta karibu na uso wake, akanusa.

"Huu umeutoa wapi?"

"Ni wetu," alisema Semkiwa. "Mama Chiku, ni wetu wote uko kule. Na yule bwana anajua. Anajua kila kitu." Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu wafunge ndoa. "Ningekusikiliza."

Mwanaidi alichukua mwiba wa mchungwa akamchokoa kucha moja moja, taratibu, na alipomaliza hakuyamwaga yale maji. Aliyaacha yatuame. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Ikafika siku kitako cha beseni hakionekani, akatoboa tundu pembeni maji yasizidi, akazungushia vijiwe, akachomeka lile shina la kiazi. Likashika. Likatoa majani kama vidole, yakatambaa hadi juu ya kuni.

Siku moja Bi Sijaona aliingia kuomba chumvi. Akaliona beseni. Akainama, akagusa udongo kwa kidole, akainuka uso umemng'aa kama siku za makande.

"Jamani, Mama Chiku! Kumbe udongo wenu mmeuhi..."

Mwanaidi alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja. Semkiwa akafunga mlango. Wakatega masikio wote watatu, wakisikiliza barabarani kama kuna gari linapanda.